Kutafuta kerneli mpya zaidi katika matawi ya Debian: mwongozo kwa watumiaji wa Unguja na Pemba

Kompyuta mpakato ikifika Chake Chake na kadi ya waifai ambayo Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, haiitambui, mara nyingi kadi yenyewe haina ubovu wowote. Kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoviendesha vifaa vya kompyuta, ndiyo iliyotoka kabla ya kadi hiyo kuandikiwa draiva, yaani programu inayoiwezesha kerneli kukitumia kifaa fulani. Debian 12, iitwayo bookworm, ilitolewa tarehe 10 Juni 2023 ikiwa na kerneli ya mstari wa 6.1, ilhali kadi ya Realtek RTL8852BE, ambayo imo katika kompyuta nyingi za bei nafuu, ilipata draiva yake katika kerneli 6.2. Baina ya namba hizo mbili pana toleo moja tu, lakini kwa mwenye kompyuta hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na mtandao na kuukosa.

Anayefikwa na hali hii hushawishika kuingia mtandaoni, kushusha kerneli yenye namba kubwa kuliko zote na kuifunga kwa mkono. Siishauri njia hiyo kwa yeyote, na hasa kwa wanaosimamia kompyuta za skuli au za ofisi, kwa sababu kerneli iliyochukuliwa peke yake hubaki vile vile ilivyokuwa siku ilipofungwa, na matundu ya usalama yanayogunduliwa baadaye hayazibwi mpaka mtu akumbuke kurudi kuyaziba. Kinachofaa kutafutwa ni tawi la usambazaji, yaani mkondo mmoja wa matoleo ya Debian, ambalo lina kerneli mpya ya kutosha kwa mahitaji yako na ambalo litaendelea kukuletea viraka vyake kila unapoendesha masasisho ya kawaida. Hatua zifuatazo zinaonesha namna ya kulipata tawi hilo katika Debian, kwa kutazama kwanza na kugusa baadaye.

Hatua ya kwanza: jua unachokitumia sasa

Fungua terminali uandike amri hizi tatu:

cat /etc/os-release
uname -r
uname -v

Amri ya kwanza inataja toleo la Debian na jina lake. Ya pili inataja jina la kerneli inayofanya kazi wakati huo, na ya tatu inataja toleo halisi la pakeji (furushi la programu) ilimotoka kerneli hiyo. Amri hii ya tatu husahauliwa na wengi, na kuisahau huko kumewafanya watu kuamini kwamba Debian 12 imeachwa bila ya kurekebishwa. Chukua mfano wa kompyuta ambayo uname -r inajibu 6.1.0-18-amd64. Anayesoma jibu hilo peke yake atadhani kwamba anatumia 6.1.0, yaani kerneli ya siku ya kwanza kabisa ya mstari huo, ambayo haijawahi kupokea kiraka. Akiandika uname -v ataoneshwa Debian 6.1.76-1, pamoja na tarehe ya Februari 2024. Maana yake ni kwamba masahihisho 76 ya mstari wa 6.1 yameshaingia, na ile 18 iliyomo katika jina ni namba ya Debian inayoonesha mara ngapi moduli za nje (draiva zisizotoka ndani ya kerneli yenyewe) zimelazimika kujengwa upya. Kwa hiyo, kabla ya kusema kwamba kerneli yako ni ya zamani, soma toleo la pakeji.

Hatua ya pili: hakikisha kwamba tatizo ni la kerneli

Katika hatua hii bando nyingi zinaweza kuokolewa. Andika:

lspci -nnk

Itajitokeza orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, na kila kifaa kitakuwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili ndani ya mabano ya mraba. RTL8852BE, kwa mfano, hutambulikana kwa 10ec:b852. Chini ya kifaa kinachofanya kazi huwapo mstari unaotaja draiva inayokiendesha. Kama mstari huo haupo, kerneli yako haina draiva ya kifaa hicho au imeshindwa kuiwasha.

Mambo hayo mawili ni tofauti, na dawa zake ni tofauti. Draiva nyingi za waifai na za kadi za picha haziwezi kufanya kazi bila ya famuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe wakati wa kuwashwa. Endesha sudo dmesg | grep -i firmware, amri inayosoma kumbukumbu za kerneli. Ukiona malalamiko kwamba faili fulani halikupatikana, basi huenda kerneli uliyonayo inatosha na kilichokosekana ni pakeji ya famuwea tu, kama vile firmware-realtek au firmware-iwlwifi. Tangu Debian 12, pakeji hizi zimewekwa katika sehemu ya hazina (ghala la pakeji mtandaoni) iitwayo non-free-firmware, na aliyepandisha mfumo kutoka Debian 11 bila ya kuiongeza sehemu hiyo katika orodha yake ya hazina hatozipata hata akizitafuta kwa jina. Iongeze, endesha sudo apt update, funga pakeji inayohusika, washa kompyuta upya, kisha utazame tena. Kwa watu wengi safari ya kutafuta kerneli inaishia hapa.

Kama dmesg haisemi lolote kuhusu kifaa hicho na lspci haioneshi draiva, endelea na hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: yafahamu matawi kabla ya kuchagua

Debian haitunzi kerneli moja. Kila tawi la usambazaji lina yake, na kila tawi lina ahadi yake kwa mtumiaji.

Tawi thabiti, ambalo kwa sasa ni Debian 13 iitwayo trixie, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, hubaki katika mstari mmoja wa kerneli maisha yake yote. Trixie imeshika 6.12, bookworm 6.1, na bullseye iliyotangulia ilishika 5.10. Mistari hii haikuchaguliwa kwa bahati, kwani yote mitatu ni miongoni mwa ile ambayo watunzaji wa kerneli wenyewe huichagua kuitunza kwa muda mrefu. Viraka vya usalama huja kwa kupitia hazina ya security, na masahihisho mengine huja katika matoleo madogo kama 12.4 au 12.5.

Tawi la testing ndimo toleo lijalo linamopikwa, na baada ya trixie toleo hilo limepewa jina la forky. Pakeji hufika huko baada ya kukaa kwanza katika sid, tawi lisilotulia ambalo hupokea kazi mpya kila siku. Nyuma ya sid lipo experimental, ambalo ni uwanja wa majaribio wa watunzaji wenyewe na halimhusu mtu anayetaka kompyuta yake iwake kesho asubuhi.

Baina ya tawi thabiti na testing lipo tawi liitwalo backports, na hilo ndilo jibu la wengi wetu. Watunzaji huchukua pakeji iliyokwisha kufika testing, wakaijenga upya ndani ya toleo thabiti, kwa maktaba na mkusanyaji (compiler) wa toleo hilo hilo, ili iingie bila ya kuburuta sehemu nyingine za testing. Kwa bookworm, bookworm-backports ilipita katika kerneli kadhaa, zikiwamo 6.5 na 6.6, hadi kufika 6.12. Baada ya trixie kutoka, ilisimama katika mstari huo huo wa 6.12, kwa sababu utaratibu unataka backports ya toleo lililotangulia isichukue kitu kilicho juu ya toleo thabiti la sasa. Upungufu wake uelezwe wazi: timu ya usalama ya Debian haitoi dhamana rasmi kwa backports, na kiraka kinaweza kuchelewa kidogo kuliko katika tawi thabiti. Seva ambayo inafanya kazi vizuri na kerneli yake haina sababu ya kuhamia huko.

Hatua ya nne: tazama kila tawi lina nini

Njia isiyogharimu kitu ni kufungua packages.debian.org kwa simu na kutafuta linux-image-amd64. Ukurasa huo ni mwepesi, hauna picha, na unaorodhesha matawi yote pamoja na toleo la kerneli lililomo katika kila tawi. Jina hilo ni la pakeji elekezi, ambayo ndani yake hamna kerneli. Kazi yake ni kuielekea kerneli ya karibuni kabisa ya tawi husika, ili kerneli mpya ikitoka ifuatwe bila ya mtumiaji kubadilisha jina. Litafute na ulifunge jina hilo fupi kila mara. Anayefunga jina refu lenye namba ndani yake hupata kerneli hiyo moja na kubaki nayo.

Katika kutafuta utakutana na majina yanayofanana. Lile lenye neno cloud ni la mashine pepe za kukodi, na limepunguzwa draiva za vifaa halisi, hivyo kulifunga katika kompyuta mpakato ni kujiongezea tatizo. Lenye rt ni la kazi zinazohitaji majibu ya papo kwa papo. Lenye dbg ni la wachunguzi wa hitilafu na ni zito mno. Yaache yote matatu.

Kwa anayependelea terminali ipo amri ya rmadison, iliyomo katika pakeji ya devscripts:

sudo apt install --no-install-recommends devscripts
rmadison linux-image-amd64

Majibu huja katika safu zilizotenganishwa kwa mistari ya wima: jina la pakeji, toleo, tawi, na aina ya prosesa. Ukiona toleo linaloishia na ~bpo12+1, fahamu kwamba limetoka backports ya Debian 12. Alama ya wimbi iliyotangulia ina kazi kubwa: apt, programu ya kufunga pakeji, hulihesabu toleo lenye alama hiyo kuwa dogo kuliko toleo lile lile lisilo nayo. Kwa ajili hiyo, siku utakayopandisha mfumo mzima kutoka bookworm kwenda trixie, kerneli ya trixie itachukua nafasi ya ile ya backports bila ya mvutano wowote.

Sasa linganisha. Kadi ya mfano wetu inahitaji 6.2 au zaidi, bookworm ina 6.1, na bookworm-backports ina 6.12, basi hakuna haja ya kwenda testing wala sid, hata kama namba za huko ni kubwa zaidi. Chukua tawi la karibu kabisa linalokidhi haja yako. Na kama kompyuta ni mpya isiyo na kazi za watu ndani yake, kufunga trixie moja kwa moja ni bora kuliko yote haya.

Hatua ya tano: ongeza tawi la backports

Kompyuta ambayo waifai yake haifanyi kazi inahitaji njia nyingine ya kufikia mtandao. Iunganishe na simu ya Android kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu uruhusu kushiriki mtandao kupitia USB. Kerneli ya 6.1 inaifahamu njia hii bila ya kufungiwa kitu, na kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao wa kawaida.

Tengeneza faili jipya kwa sudo nano /etc/apt/sources.list.d/backports.list na ndani yake uandike mstari mmoja:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm-backports main non-free-firmware

Mwenye trixie aandike trixie-backports. Tumia jina la toleo kila mara, usiandike stable-backports, kwa sababu siku Debian itakapotoa toleo jipya neno stable litahamia kwenye toleo hilo, na mfumo wako utaanza kuvuta pakeji usizozikusudia. Kisha:

sudo apt update
apt policy linux-image-amd64

Utaoneshwa matoleo yote yanayofikika na mbele ya kila hazina namba ya kipaumbele. Tawi la kawaida lina 500, na backports ina 100. Kwa kipaumbele hicho kidogo backports haiingii yenyewe kuchukua nafasi ya pakeji zako. Huingia pale tu unapoiita kwa jina, na pakeji iliyokwisha kuitwa huendelea kusasishwa kutoka huko huko. Testing na sid hazina kinga hii. Ukiandika testing katika orodha ya hazina bila ya kuiwekea kipaumbele kidogo, apt itaihesabu 500 kama tawi lako, na amri ya kawaida ya apt upgrade itaanza kuubadilisha mfumo mzima. Kompyuta za maabara zimewahi kuharibiwa kwa njia hii na watu wenye nia njema waliotaka pakeji moja tu.

Hatua ya sita: jaribu kwanza, kisha funga

apt install -s -t bookworm-backports linux-image-amd64 firmware-realtek

Herufi -s inaiamuru apt ieleze itakachokifanya bila ya kukifanya. Soma orodha yote. Unatarajia kuona pakeji elekezi, kerneli yenyewe, famuwea, na pengine pakeji moja mbili za kuandaa uwashaji. Ukiona libc6, maktaba ya msingi ya mfumo, imo au makumi ya pakeji zinataka kubadilishwa, simama, kwani kuna hazina iliyoandikwa vibaya. Famuwea nimeiweka pamoja na kerneli kwa makusudi: draiva mpya mara nyingine hutaka faili jipya la famuwea, na ni vyema vyote viwili vitoke tawi moja.

Kabla ya kufunga, angalia mambo matatu. Kama /boot, folda ya mafaili ya kuwashia kompyuta, iko katika kizigeu (sehemu ya diski) chake chenyewe, df -h /boot itakuambia nafasi iliyobaki. Kizigeu kikijaa katikati ya kazi, kerneli mpya hubaki nusu. Amri ya dkms status itakuambia kama una moduli za nje, kama zile za NVIDIA au VirtualBox, ambazo zitahitaji kujengwa upya. Ukiwa nazo, ongeza linux-headers-amd64 katika amri ya kufunga, na ujue kwamba moduli ya zamani inaweza kukataa kerneli mpya. La tatu ni umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isianzishiwe kazi hii katika saa ambazo mtaani kwako umeme huwa na tabia ya kukatika. Ukikatika hata hivyo, washa kwa kerneli ya zamani na uendeshe sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install.

Amri ya kufunga ni ile ile, ikianziwa na sudo na kuondolewa -s.

Maabara ya skuli yenye kompyuta ishirini haina haja ya kushusha kerneli ile ile mara ishirini. Chagua kompyuta moja, uifungie apt-cacher-ng, programu inayohifadhi pakeji zilizokwisha kushushwa, na katika kila moja ya zilizobaki uandike mstari huu ndani ya faili la /etc/apt/apt.conf.d/01proksi, ukiweka anwani ya kompyuta uliyoichagua:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Ya kwanza itashusha kutoka mtandaoni na nyingine zote zitachukua kwake. Anwani za hazina ziachwe katika http, maana pakeji za https hazihifadhiwi kwa njia hii. Uhalali wa pakeji unalindwa na saini ambayo apt huikagua yenyewe. Kwa walimu wa Wete au Mkoani wanaoendesha maabara kwa bando ya simu, hatua hii pekee inastahiki kufanywa hata kabla ya kuwazia kerneli.

Hatua ya saba: washa upya na uitunze ya zamani

Washa kompyuta upya na uandike tena uname -r na uname -v. Jina jipya litakuwa na alama ya deb12 ndani yake. Tazama kwa lspci -nnk kama draiva imejitokeza, kisha uitumie kompyuta kwa kazi zako za kawaida kwa siku kadhaa: ilaze na uiamshe, chomeka projekta, chapisha karatasi. Kasoro za kerneli mpya hujitokeza zaidi katika kulala na kuamka kuliko mahali pengine.

Usiifute kerneli ya zamani. Katika menyu ya GRUB, inayojitokeza kompyuta inapowashwa, mstari wa pili hufungua orodha ya kerneli zote zilizomo, na kutoka hapo unaweza kurudi nyuma wakati wowote. Haja ya kurudi hutokea hata katika tawi thabiti. Mnamo Desemba 2023 kerneli 6.1.64-1 ya Debian 12 iligunduliwa kuwa na kasoro inayoweza kuharibu data katika diski zenye mfumo wa mafaili wa ext4. Kazi ya kutoa 12.3 ikasimamishwa, na tarehe 10 mwezi huo ikatolewa 12.4 yenye 6.1.66-1. Nakala ya akiba ya mafaili ya watu iwepo kabla ya kazi yoyote ya kerneli.

Watumiaji wa Ubuntu, mfumo uliotokana na Debian, wana njia fupi zaidi. Matoleo yao ya muda mrefu yana pakeji elekezi mbili: ya kawaida, linux-generic, na ya vifaa vipya, ambayo katika 24.04 huitwa linux-generic-hwe-24.04. Ya kwanza inabaki katika 6.8, ya pili ilihamia 6.11, kisha 6.14. Andika apt policy mbele ya jina hilo, na kama namba inatosha, ifunge. Kerneli ghafi ambazo Ubuntu huzijenga kwa ajili ya majaribio hazina saini ya Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha) wala ahadi ya viraka, na hazifai kwa kompyuta ya kazi.

Kuanzia hapo masasisho ya kerneli ya backports yatakuja kwa sudo apt upgrade. Anayetumia apt-get upgrade ataona kerneli inazuiliwa kila mara, kwa kuwa amri hiyo hairuhusu pakeji yenye jina jipya kuingia, na kila kerneli mpya ina jina lake. Atumie apt upgrade. Backports ya toleo la zamani hufungwa siku moja na kuhamishiwa archive.debian.org, ambako haipokei kiraka tena. Dalili yake ni apt update kulalamika kwamba hazina haipatikani. Hapo ondoa mstari wa backports, upandishe mfumo kwenda toleo thabiti lililopo, kisha uanze tena kwa uname -v uone kama tawi la kawaida la toleo hilo limeshakutosheleza.